Kitabu cha Shilingi Hamsini

Nilikinunua kando ya barabara, Mwembe Tayari,
kati ya kamusi isiyo na jalada na kitabu cha mapishi.
"Kimepungua mwisho," muuzaji akanionya,
"ndiyo maana hamsini."
Sura ya mwisho alifungia njugu
kabla hajajua ni hadithi.

Ni riwaya ya kale, ya nchi ya baridi,
mji wa matofali na moshi
ambako adhuhuri huwashwa taa.
Tajiri ana viwanda vitatu na saa ya mnyororo.
Watoto hutambaa chini ya mitambo wakiokota pamba,
na mtambo ukila kidole hausimamishwi.

Nawasomea wenzangu saa ya chakula,
nyuma ya kiwanda, Changamwe, kivulini mwa kontena,
nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili
huku mbaazi zikipoa.
Sisi ni laini ya saba. Tunashona mifuko ya suruali,
mia na ishirini kwa saa, kulia na kushoto,
mifuko ya watu ambao hatutawaona,
na dera langu halina hata mmoja.

Nyamvula hasikilizi kama watu wa shule.
Nasoma ukungu, yeye auliza kodi.
Nasoma machweo, auliza mkate ulikuwa bei gani.
"Na huyo mtoto wa chini ya mtambo,
akienda choo, hupewa kadi?"
Sisi tunazo mbili kwa siku, za plastiki, nyekundu.
Safari ya tatu hukatwa mshaharani.
Nikamwambia kitabu hakisemi.
"Basi aliyekiandika hakuwahi kubanwa."

Mghoi, sindano ilipompitia ukucha,
alifungwa kitambaa cha mabaki, akarudishwa kitini.
Sura ya kumi na nne alinyamaza hadi kengele.
Kisha: "Miaka mia na hamsini, eti?
Na mtambo bado una njaa ileile."

Kule wana ukungu; mtu aweza kusema hakuona.
Hapa tuna jua.
Linaiona foleni ya vibarua langoni,
linayaona madumu ya maji Chaani, shilingi thelathini,
linaliona gari la mwenye kiwanda likiingia vioo juu,
na halijawahi kuitwa shahidi.

Juu ya mlango wameandika kwa rangi ya kijani:
HABA NA HABA HUJAZA KIBABA.
Hawakuandika kibaba ni cha nani.

Tukafika ukurasa wa mwisho uliobaki.
Tajiri amesimama ngazini,
ndani binti yake anakohoa,
nje wafanyakazi wamejaa kwenye theluji,
naye anafungua kinywa ili

njugu.

"Najua," akasema Riziki wa pasi. "Atalia. Atatubu.
Atajenga shule, wataimba."
Ndivyo vinavyoisha, nikakubali, nimevisoma vingine.
Tukamngoja kidogo, yule tajiri, alie.
Mghoi akapuliza kidole.
"Wetu alikuja Desemba na unga, kilo mbili mbili,
na mpiga picha. Nikashika pakiti, nikatabasamu.
Ovataimu ya Novemba hadi leo sijaiona."

Nyamvula akaninyang'anya kitabu.
Hakuwahi kukishika.
Akafunua nyuma kabisa, karatasi tupu iliyonusurika njugu,
ya manjano kama jino.
Akaomba kalamu. Kuandika si kazi yake;
aliandika jina, halafu vijiti,
kimoja kwa kila saa aliyoshona bure,
vinne vimesimama, cha tano kimevikata kiunoni.
Akampa Riziki. Riziki akampa Mghoi,
aliyeandika kwa mkono wa kushoto, polepole,
ulimi nje kama mtoto.
Kengele ikalia.
Tulibaki tumeketi, tukingojea kalamu.

Karatasi sasa imejaa pande zote mbili.
Jioni nitapita tena Mwembe Tayari.
Nitamwambia yule muuzaji hadithi yoyote itafaa,
mradi nyuma pawe peupe.